Kumsoma mwenzio: ni kwa kumnyang'anya au kwa kumsaidia?

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, miongoni mwa hoja tunazozisikia kwa vijana wetu ni kwamba mchezo wa karata uitwao poka si kamari, kwa kuwa mshindi wake hategemei bahati, bali akili na uwezo wa kumsoma mpinzani. Hoja hii inastahiki kujibiwa kwa insafu, si kwa kukemewa tu.

Tukubali kwanza ukweli uliomo. Katika poka inayochezwa zaidi, inayojulikana kwa jina la Texas, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha tano huwekwa mezani hadharani, na dau huwekwa katika raundi nne. Ukishaziona zako, mpinzani anaweza kuwa na mojawapo ya jozi 1,225. Mchezaji hodari huzipunguza jozi hizo kwa kuuliza: aliongeza dau lini? Alisita wapi? Mbona mkono wake umetetemeka? Januari 2017, huko Pittsburgh, Marekani, programu ya kompyuta iitwayo Libratus iliwashinda mabingwa wanne katika michezo 120,000, nayo haina macho ya kutazama uso wa mtu. Bahati peke yake haidumu muda wote huo. Basi ujuzi upo, wala hatuukanushi.

Lakini je, ujuzi huhalalisha? Wanazuoni wameieleza kamari kuwa ni shindano ambalo kila mshiriki huweka mali yake, naye hatoki ila amepata cha mwenzake au amepoteza chake. Katika maelezo hayo, bahati si sharti. Na Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 219, haikukana kwamba kamari ina manufaa kwa watu. Imebainisha kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo. Kisha Suratul Maida, aya ya 90 na 91, ikaikataza na kutaja sababu: uadui, chuki, na kuzuiliwa na swala na kumkumbuka Allah.

Tuutazame basi ujuzi huo unavyotumika. Mchezaji hodari hatafuti meza ya mahodari wenzake. Humtafuta aliye dhaifu: aliyechoka, aliyelewa, au aliyekwisha kupoteza na sasa anahangaika kuirudisha hasara yake. Hofu ya mtu huyo ndiyo faida yake. Mezani pale hapalimwi wala hapauzwi kitu. Kinachookotwa na mmoja kimetoka mfukoni mwa mwingine, na mwenye nyumba ya kamari hukata fungu lake. Na ndani ya mfuko huo huenda mlikuwa na kodi ya nyumba, ada ya shule, au chakula cha watoto ambao hawakuketi mezani.

Uislamu haukukataza kumsoma mtu. Katika Suratul Baqara hiyo hiyo, aya ya 273, tunaelezwa habari za mafakiri ambao asiyewajua huwadhania matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba, lakini hutambulikana kwa alama zao. Jicho la muumini linatakiwa lizione alama hizo ili atoe. Mcheza kamari naye huziona alama za dhiki, lakini ili achukue. Jicho ni lile lile. Nia ndiyo iliyotofautiana.

Kijana aliyejaaliwa kipaji hiki asikizike. Akawe mwalimu anayemtambua mwanafunzi aliyekuja na njaa, au msuluhishi anayeijua huzuni ya mke kabla hajaisema. Na sisi sote, leo tutokapo msikitini baada ya swala ya Ijumaa, tumtazame jirani asemaye hajambo, na tumsome vyema.

Tunamuomba Allah atuepushe na mali ya haramu, na atujaalie macho yenye huruma. Amin. Wabillahi tawfiq.