AKIPOTEA UWANJANI MSISEME ANARINGA

Mwaya kuna jamaa anajulikana na kila mtu. Asubuhi yuko kwenye baiskeli na samaki wake anapeleka Kyela mjini, jioni mpirani. Ghafla mwezi mzima uwanjani hayupo, baiskeli imelala, na akitembea utadhani kabeba gunia la mpunga. Maneno yakaanza: anaringa! Wengine wakasema karogwa.

Wadau, hapo ndipo watu wanapokosea. Hata wataalamu wanaangalia mwendo wa mtu. Dodoso la PHQ-9 linalotumika kupima sonona lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita. Swali moja linauliza kama umekuwa mzito kutembea au kuongea mpaka watu wakaona, au kinyume chake, hutulii kabisa. Mengine yanagusa usingizi na uchovu.

Ila msikurupuke. Mvua za Kyela zinamfungia mtu ndani, na malaria nayo inalegeza. Kwa hiyo usimpime na jirani yake, mpime na yeye mwenyewe wa zamani. Kichwa na tumbo vinauma kila siku, vipimo havioni kitu, na mpira kaacha? Hapo kuna jambo.

Wanaume wengi wanaona aibu kusema "nina mawazo", wanasema tu "mwili hauna nguvu". Basi mshikaji akipotea, mfuateni nyumbani, kaeni naye, msindikizeni kituo cha afya. Kumsema vijiweni hakumsaidii.

Mdau, wewe unaonaje?