Pesa za langoni zibaki makavazini

Likizo ya Agosti iliyopita tuliingia watu saba katika makavazi madogo ya kaunti moja ya bara. Kila mmoja alilipa shilingi 100 kwa simu pale langoni. Chumba cha kwanza kilikuwa giza. Kijana aliyekuwa akitutembeza akawasha tochi ya simu yake, akamulika ngao, kisha vibuyu, kisha picha kubwa ya wazee ambayo kona yake moja ilikuwa imeliwa na mchwa. Tukadhani stima imepotea mtaa mzima. "Hapana," akasema, "tokeni ndiyo imeisha." Tangu lini? Tangu Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Mmoja wetu akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza. Kwani si tumelipa mia saba hapo nje sasa hivi? Mbona zisinunue tokeni? Jamaa akacheka, kicheko cha mtu aliyeulizwa hilo mara nyingi. Pesa zile, akatueleza, hazipitii mkononi mwake wala mwa bosi wake. Zilikuwa zimeshaingia akaunti ya kaunti kabla sisi hatujafika mlangoni.

Wengi wetu tukiona makavazi yamechakaa tunasema kuna mtu amekula. Wakati mwingine ni kweli. Lakini hapa hakuna aliyeiba hata ndururu. Sheria ilikuwa inafuatwa. Kifungu cha 207 cha Katiba kinasema pesa zote zinazokusanywa na serikali ya kaunti ziingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa zile ambazo sheria ya Bunge imeziondoa humo. Na zikishaingia, hazitoki bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Ada ya kuegesha gari, leseni ya kibanda, ushuru wa soko, tiketi ya makavazi, vyote vinatiwa chungu kimoja. Nia ni njema. Ofisi ikikusanya pesa na kuzitumia papo hapo, ni nani atajua ngapi zimepita chini ya meza?

Shida ni kwamba mia saba hiyo ikishaingia chunguni haina jina tena. Msimamizi wa makavazi akitaka kuirudisha itabidi aandike barua kwa idara, na idara yenyewe inasimamia pia michezo, utalii, vijana na mambo mengine chungu nzima. Barua hiyo inangoja mgao wa robo mwaka. Mgao ukichelewa kutoka Hazina Kuu, jambo ambalo kaunti zetu zimelizoea, kinacholipwa kwanza ni mishahara. Tokeni ya makavazi iko mwisho wa foleni, nyuma ya mafuta ya magari ya wakubwa.

Usisahau pia mahali makavazi yalipowekwa ndani ya Katiba. Jedwali la Nne lilizipa kaunti kazi ya kuyasimamia, na limeyataja katika aya moja na kamari, kasino, leseni za pombe, sinema na maktaba. Leseni za pombe huingiza pesa. Sasa kisia ni nani kati ya hao hupigiwa simu kwanza na idara ya fedha. (Fort Jesus, Kapenguria, Kitale na nyumba ya Karen Blixen ni hadithi nyingine, yako chini ya Makavazi ya Kitaifa, NMK, shirika la serikali kuu. Yana kilio chake, ila leo tunazungumzia wale wadogo wa kaunti.)

Msimamo wetu ni huu: makavazi ya kaunti yaruhusiwe kisheria kubaki na pesa yanazokusanya langoni na kuzitumia hapo hapo. Hatuombi muujiza. Hospitali za umma zilikuwa na kilio hiki hiki: mgonjwa analipa, pesa zinaenda makao makuu, wodi inakosa glavu. Mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria inayoruhusu vituo vya afya vya umma kubaki na mapato yake na kuyatumia kuboresha huduma, vikiwa na kamati za kusimamia na hesabu za kukaguliwa. Njia imeshachongwa. Kilichobaki ni mtu wa kuipita na mzigo mdogo zaidi.

Ni mdogo kiasi gani? Tupige hesabu ya mfano, si ya makavazi yoyote halisi. Tuseme kila siku wanaingia watu wazima 20 kwa shilingi 100 na wanafunzi 30 kwa shilingi 50. Hiyo ni 3,500 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, ni 91,000 kwa mwezi. Kwa masikio ya kijana anayetafuta kazi, hizo ni pesa nyingi. Haya, toa sasa. Walinzi wawili, wa mchana na wa usiku, 20,000 kila mmoja. Kijana wa kutembeza wageni, 25,000. Mtu wa usafi, 18,000. Stima na maji, 12,000. Jumla 95,000. Tumeshapungukiwa na 4,000, na hatujagusa mshahara wa msimamizi, hatujapaka dawa ya mchwa, hatujaziba paa, na bima hata hatujaitaja.

Kwa hiyo asije mtu akatuambia ati tukibaki na pesa za lango basi kaunti ijiondoe. Makavazi machache sana duniani yanaishi kwa tiketi peke yake. Hata pale London, British Museum haitozi kiingilio kuona mkusanyiko wake wa kudumu. Mishahara na paa vitabaki kazi ya bajeti ya umma. Umuhimu wa pesa za lango ni kwamba zinapatikana leo, na unaweza kununua nazo kitu ambacho hukukipangia mwaka jana: balbu, kitasa, kopo la dawa. Ukiwa na 3,000 mkononi siku ya mvua unaweza kuziba tundu la paa. Ukingoja 300,000 za mwaka ujao wa kifedha, ngozi na picha zilizokuwa chini ya tundu hilo zitakuwa zimeshaota ukungu.

Wengine husema dawa ni kutafuta wafadhili. Sawa, watafutwe. Ila tuwe wakweli kuhusu kile ambacho mfadhili hupenda kulipia. Makavazi ya Nairobi yalifungwa 2005 na kufunguliwa tena 2008 baada ya ukarabati mkubwa uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, na kazi ile inaonekana hadi leo. Huko Kitale, mzungu mmoja aliyekuwa mwanajeshi, Hugh Stoneham, aliyeanza kukusanya vitu vyake na kuviweka katika makavazi ya kibinafsi, alipofariki 1966 aliachia nchi mkusanyiko huo pamoja na pesa za kujenga jengo. Jengo lilifunguliwa 1974. Ni zawadi nzuri hizo. Lakini ona zote zinaelekea wapi: kuta, maonyesho mapya, kibao chenye jina ukutani. Hatujawahi kusikia balozi akikata utepe wa mshahara wa mlinzi. Ufadhili ukifika huja na masharti ya matumizi, na mradi ukiisha jengo linabaki na bili kubwa kuliko za zamani, kwa sababu sasa lina taa nyingi zaidi.

Gharama hizi zisizopendeza kwenye picha ndizo huua makavazi. Septemba 2, 2018, Makavazi ya Kitaifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro yaliteketea usiku mmoja, mwaka ule ule yalipotimiza miaka 200. Yalikuwa na vitu takriban milioni 20, na vingi vikawa jivu. Wachunguzi walisema moto ulianzia kwenye kiyoyozi. Zimamoto walipofika, mabomba ya karibu hayakuwa na maji. Na jambo linalouma zaidi: miezi michache kabla, benki ya maendeleo ya nchi hiyo ilikuwa imetia saini mkataba wa kutoa reali milioni 21.7 za ukarabati, ukiwemo mfumo wa kukabili moto. Pesa zilikuwa zimeahidiwa, zimetangazwa, hazijafika. Yale yalikuwa makavazi ya taifa kubwa. Sisi tuna chumba chenye vibuyu, na mtungi wa kuzima moto ambao tarehe yake ilikuwa imepita. Tuliisoma kwa tochi.

Kuna kazi hapa ambayo vijana wanaweza kuifanya bila kungoja Bunge. Nairobi kuna Kenya Museum Society, chama cha marafiki wa makavazi kilichoanza 1971. Huchangisha pesa kwa ajili ya makavazi, na maonyesho yake ya sanaa ya bei nafuu yamewapa wasanii wengi wateja wao wa kwanza. Sehemu ya mauzo huenda kwa kazi za makavazi. Mtu atasema hiyo ni ya watu wa Nairobi wenye pesa. Kwani sisi hatujui chama? Nchi hii kila mtaa una chama cha sahani, cha mazishi, cha kununua ploti. Vijana 40 wakitoa 200 kila mwezi ni 8,000. Lile pengo la 4,000 kwenye hesabu yetu limezibika, na chenji imebaki ya kununua dawa ya mchwa.

Ila chama hicho kishike kanuni moja bila mzaha: kisipeleke pesa taslimu kwa kaunti. Zitaingia chunguni. Kinunue tokeni yenyewe, balbu yenyewe, kipeleke kwa msimamizi, aandike kwenye daftari kwamba amepokea, stakabadhi iposti kwenye grupu. Mtu akichanga halafu aone picha ya balbu inayowaka, atachanga tena. Akichanga asione kitu, hata ukimbembeleza vipi hutampata mara ya pili. Wachangishaji wengi wa harambee zetu walijifunza hilo wakiwa wamechelewa.

Kukodisha ua nako kuna pesa. Wikendi watu wanatafuta mahali pa kupigia picha za harusi, za mahafali, video za muziki, na nyasi za makavazi ni bora kuliko maegesho ya supamaketi. Kuwe na bei iliyoandikwa ukutani, si ile ya "ongea na mlinzi". Na muziki na moshi wa nyama choma vikae mbali na vyumba vyenye vitu vya kale. Hiyo haihitaji mjadala.

Sasa lile swali gumu, ambalo hata baadhi yetu katika meza hii tulilibishania. Kaunti ambayo zahanati yake haina dawa, kweli tupiganie vibuyu? Jibu letu la uaminifu ni kwamba hatuombi hata shilingi moja iliyotengewa dawa. Tunaomba pesa ambazo mgeni alizitoa akiwa amesimama mlangoni pa makavazi, akiamini zinaenda kwa makavazi. Kama hofu ni wizi, basi jumla ya kila mwezi ibandikwe pale pale langoni: wameingia wangapi, zimepatikana ngapi, zimenunua nini. Kwa kiasi kidogo namna hii, mlinzi mwenyewe anaweza kukagua hesabu.

Na tusiwalaumu madiwani peke yao. Katika vikao vya kukusanya maoni ya umma kuhusu bajeti, watu huomba barabara, basari, maji, taa za mtaani. Tumehudhuria baadhi yake; hatujasikia mtu akitaja makavazi, na sisi wenyewe hatukutaja. Kwa mujibu wa sheria ya usimamizi wa fedha za umma, kaunti huwasilisha mpango wake wa maendeleo kufikia Septemba 1, taarifa ya mikakati ya fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ukingoja Juni kelele zikianza, umechelewa. Nafasi yako ni kabla ya Februari. Usiende kusema "tunataka utamaduni uheshimiwe." Uliza kitabu cha makadirio kiko wapi, fungua idara ya utamaduni, tafuta matumizi ya kawaida ya makavazi. Kama hakuna mstari wa stima, sema hivyo, na utaje kiasi.

Tulipokuwa tukitoka siku ile, yule kijana alitukimbilia na daftari la wageni. Tulidhani ni desturi tu. Akatuambia hapana, tafadhali, kila mtu aandike jina lake mwenyewe, msiandikiane, kwa sababu mwezi ujao bosi wake anapeleka maombi ya bajeti na idadi ya majina kwenye daftari hilo ndiyo hoja pekee aliyo nayo. Kalamu ilikuwa imekauka. Tukatoa yetu, tukaandika wote saba, tukamwachia.