Binti Akisema Hapana

Arya, kijana wa filamu ya Kitelugu ya mwaka 2004 yenye jina lake, anamwona binti aitwaye Geetha, anampenda, anamwambia. Binti ana mchumba. Neno hilo lingemrudisha nyumbani kijana yeyote aliyefunzwa adabu, lakini Arya harudi. Anamwandama chuoni, anamchekesha, anamganda, mpaka siku ya harusi ya binti na mwenzake, ndipo binti anapomgeukia yeye. Watazamaji wanapiga makofi.

Ndugu wasomaji, makofi hayo ndiyo yaliyonikalisha kuandika.

Ukitaja ubabe wa sinema za Kitelugu za Hyderabad, wengi watakutajia Arjun Reddy ya mwaka 2017: mwanafunzi wa udaktari anayetangaza darasani kwamba msichana fulani ni wake, anambusu shavuni bila ridhaa, na baadaye anampiga kofi. Mwaka 2019, ilipokwisha kurudiwa kwa Kihindi kwa jina la Kabir Singh, mwongozaji Sandeep Reddy Vanga alilitetea kofi hilo hadharani kuwa ni sehemu ya mapenzi mazito. Alilaumiwa, na alistahili. Lakini mlevi mwenye hasira kama huyo Arjun hajifichi. Hata mtoto humkimbia. Ninayemwogopa mimi ni mcheshi.

Mtazameni Vijay wa Geetha Govindam, 2018. Ni mwalimu mpole, mwenye heshima zake. Ndani ya basi la usiku anataka kujipiga picha pamoja na abiria wa kike asiyemjua, naye amelala. Basi linayumba, midomo inagusana. Kuanzia hapo saa mbili nzima tunahangaika naye ajisafishe jina. Busu lilikuwa ajali, sawa. Je, picha? Nani alimruhusu kumpiga picha mtu aliyelala? Swali hilo limefunikwa na kicheko, nasi tuliokuwa tukicheka ndio tuliolifunika.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watazamaji wengi hawalijui. Waigizaji wa kike wa filamu hizi mara nyingi hutoka Mumbai na kwingineko, na Kitelugu hawakijui. Midomo ni yao. Sauti ni ya mwanamke mwingine aliye studio. Mwigizaji Samantha alipoanza mwaka 2010 katika Ye Maaya Chesave, sauti iliyosikika ilikuwa ya mwimbaji Chinmayi Sripada. Siulaumu ufundi huo, tena Chinmayi ni fundi hasa. Ila unafanana mno na hadithi zenyewe: binti anakuja na uso, maneno amewekewa. Ana kazi gani? Angetaka nini maishani kama kijana huyu asingemfuata? Mwandishi wa filamu hakujishughulisha.

Ndiyo maana Fidaa ya Sekhar Kammula, 2017, ilikuwa kama dirisha lililofunguliwa. Sai Pallavi alisema kwa sauti yake mwenyewe, kwa lafudhi ya Telangana, akiwa Bhanumathi wa Banswada, binti asiyekubali kumwacha baba yake ili amfuate mume Marekani. Mwishowe mwanamume ndiye anayehamia Banswada! Mwaka mmoja kabla yake, katika Pelli Choopulu, mipango ya biashara ya kuuza chakula garini ni ya binti, Chitra, na kijana ndiye mpishi. Zote mbili zilipendwa, na watu walicheka mpaka wakachoka. Basi asinijie mtu na hoja kwamba bila kumsumbua binti hakuna kichekesho.

Nanyi wasimulizi wa filamu katika vibanda umiza msikae kando mkidhani haya ni ya Wahindi. Filamu hizi zinafika kwetu, sisi tunaziita za Kihindi tu, na sauti moja ya kiume inamsemea kila mtu: jambazi, mama mkwe, polisi, na binti pia. Binti akigeuza uso akaondoka, msimulizi anachombeza, "Anajifanya hataki, huyu!" Kibanda kizima kinaangua kicheko, na kwenye benchi la mbele wamekaa wavulana wa darasa la tano, macho kodo, wanajifunza.

Kaka yangu, kesho ukishika kipaza sauti, binti akisema hapana, tafsiri hapana.