Mbolea ipo hewani, sisi tunaisubiri bandarini

Wadau, leo nina ugomvi na wasomi wetu.

Mwaka 2022 mfuko wa urea wa kilo 50 ulivuka shilingi 120,000, mpaka serikali ikaleta ruzuku. Mkulima wa viazi kata ya Ramadhani, Njombe, alikuwa analipia naitrojeni iliyopanda meli, ikashuka Dar, ikapanda lori kupitia Makambako. Na hewa anayovuta shambani kwake ni naitrojeni asilimia 78! Jamani.

Radi huikamata bure, mvua ikaishusha. Wanorwe wawili, Birkeland na Eyde, waliiga radi hiyo kuanzia 1903: unapitisha cheche kali ya umeme hewani (ndiyo hiyo plazma), gesi inayotoka inanyonywa na maji, yanakuwa tindikali, unachanganya na chokaa. Umeme waliutoa kwenye maporomoko. Norsk Hydro ilizaliwa hivyo mwaka 1905, na mtoto wake Yara ndiye anatuuzia mbolea. Siku hizi zipo mashine ndogo zinazotibu maji kwa plazma, unamwagilia moja kwa moja.

Najua jibu la wahandisi: inakula umeme. Kweli, inakula mno, ndiyo maana njia ya Haber na Bosch wa Ujerumani ikawapiku. Kwa njia ya Wanorwe, naitrojeni iliyo kwenye mfuko mmoja wa urea ilitaka kama yuniti 1,000. Kwa shilingi 300 hivi za TANESCO, hiyo ni 300,000. Nani atanunua?

Lakini nani kasema tununue? Njombe ina mito, na mitambo midogo ya maji ipo, kama ule wa masista wa Imiliwaha pale Lupali. Mtambo mdogo usio na wa kumuuzia umeme, kijiji kikilala, maji yanapita bure. Kilowati 100 za ziada, masaa 10 usiku kucha, ni yuniti 1,000. Mfuko mmoja kila usiku, bila dola hata moja! Mashine ina gharama yake, sawa, lakini meli nayo haiji bure.

Gesi ya Songo Songo tunaichoma tangu 2004 kwa umeme na saruji. Kiwanda cha mbolea Kilwa tunaahidiwa tangu enzi za KILAMCO, miaka ya 1980. Mnataka tusubiri nini tena?

Nelson Mandela Arusha, TARI Uyole: wekeni mashine moja Ramadhani, mpime viazi msimu mmoja, mtangaze matokeo hata kama imeshindwa.