Namba Sita Hana Video

Mwaka jana kocha mmoja wa timu ya mtaani hapa Ukunda alinipigia simu. Alikuwa na kijana wa miaka 19 kutoka Mwabungo, namba sita, na kulikuwa na klabu ng'ambo ya Likoni inayotafuta wachezaji. Jibu la klabu lilikuja kwa ujumbe mmoja wa WhatsApp: leta video ya dakika mbili. Mimi ndo "mtu wa kompyuta" mtaani, kwa hiyo kazi ya kukata nikaachiwa mie. Nikaangalia mechi tatu nzima zilizorekodiwa kwa simu, mkono wa mpigaji unatetemeka, watoto wanapita mbele. Wallahi sikupata dakika mbili. Sikupata hata sekunde arobaini.

Na yule kijana ndiye alikuwa mchezaji bora uwanjani.

Shida ni kwamba simu hufuata mpira, na kazi yake ilikuwa kusimama pale ambapo, kwa sababu amesimama, mpira hauji. Winga wa wapinzani anainua kichwa, anamwona, anarudisha nyuma. Hapo kijana ameshafanya kazi yake. Sasa unakataje video ya pasi ambayo haikupigwa?

Winga wao alikuwa na chenga tano safi. Alienda. Namba sita yuko Kona ya Musa anaendesha boda.

Sina ugomvi na winga, mwache ale riziki yake. Ugomvi wangu ni na sisi: makocha, wafadhili, watangazaji wa vipaza sauti, na wewe unayerusha magoli TikTok. Tumejenga mpira unaolipa kinachoonekana kwenye skrini ya simu peke yake, kisha tunakaa vibarazani kulalamika kwamba timu zetu hazina katikati. Zitakuwaje nayo?

Nilicheza nafasi hiyo Msambweni misimu minne, kwa hiyo najua mtu anavyofika pale. Hakuna anayekuchagua. Kocha anakwambia, "Wewe huna chenga, kaa hapo katikati uvunje." Ni kama adhabu. Hakuna aliyenifundisha kugeuka na mpira, au kuangalia nyuma ya bega kabla haujafika. Kuna kombe moja, la mheshimiwa ambaye jina lake nalihifadhi, lilikuwa na zawadi tatu: mfungaji bora, kipa bora, na mchezaji bora, ambaye kila mwaka alikuwa yule yule mfungaji bora. Nusu fainali nikaumia goti. Wiki hiyo hiyo timu ilipitisha mchango wa nauli ya straika aende majaribio. Goti langu alilipa mama, kwa pesa za mahamri.

Haya, hilo limepita. Lililonifungua macho lilikuja baadaye, na lilitoka mahali sikutegemea.

Oktoba 2022 nilikuwa nahudumu baa ya hoteli moja Diani. Jumamosi, saa nne unusu usiku, mgeni mzee kutoka Georgia alikuwa amefungua laptopu akiangalia chuo chake kikicheza ule mpira wao wa kofia ngumu. Kila mtu akikimbia na mpira, mzee anaangalia kwingine. Nikamuuliza mbona. Akaniambia: mwangalie namba 19, Brock Bowers. Nafasi yake wanaiita taiti-endi. Anasimama mwisho wa safu ya yale majitu yanayosukumana. Mpira ukianza, ama anabaki kumsukuma mtu ili mwenzake apite, ama anachomoka kwenda kupokea pasi, kwa kuwa wale wa katikati ya safu sheria haiwaruhusu kupokea na yeye wa mwisho inamruhusu. Mpinzani hajui atafanya lipi. Ukimletea jitu, analikimbia. Ukimletea mwepesi, anamlaza chini. Mashambulizi mengi yanaegemea hiyo shaka tu, na mara nyingi mpira wenyewe haugusi.

Nikasema moyoni, huyu ni namba sita. Mtu wa kazi mbili, moja ya kuvunja, nyingine ya kuanzisha, na zote mbili zinamnufaisha mwingine.

Ila tofauti ndiyo iliyoniuma. Wenzetu wana tuzo maalumu ya mchezaji bora wa nafasi hiyo vyuoni, Tuzo ya John Mackey, tangu 2000. Bowers aliichukua 2022 na tena 2023. Na makocha wao hukaa na rekodi ya mechi nzima, hatua kwa hatua, kila mtu anapewa alama, hata aliyesukuma tu. Hawangoji mtu afunge ndo waamini alikuwepo.

Sisi tulikuwa na Victor Wanyama. Muulize Mkenya anamkumbukia nini: kichwa alichowafunga Barcelona Novemba 2012 akiwa Celtic, lile kombora la Anfield Februari 2018, na sahani ya tambi. Basi. Kana kwamba Southampton na Tottenham walimnunua kwa magoli! Kakake, McDonald Mariga, alikuwa kwenye kikosi cha Inter kilichotwaa Ligi ya Mabingwa 2010, naye ni kiungo vilevile. Nyumba moja, viungo wawili, ni kati ya Wakenya waliofika mbali zaidi katika mpira huu, na bado mtoto wa Gazi ukimuuliza anataka kuwa nani, atakwambia straika.

Najua mtakachosema: mpira ni magoli, bana. Real Madrid nao walifikiri hivyo. Mwaka 2003 walimnunua Beckham, wakamwachia Claude Makélélé, mzaliwa wa Kinshasa, aende Chelsea. Ubingwa wa Uhispania hawakuushika tena hadi 2007. Chelsea waliuchukua wa Uingereza 2005 na 2006.

Siombi makubwa. Mfadhili, ongeza zawadi ya nne, jozi moja ya njumu kwa mkabaji bora. Haizidi bei ya zile fulana zenye picha yako. Kocha, weka simu moja juu, kwenye mwembe au paa la matatu, irekodi uwanja mzima dakika tisini bila kumfuata mtu. Na nyinyi wa klabu za mjini, mkitaka namba sita acheni kuomba dakika mbili. Pandeni feri mje mkae kwenye jua na sisi.

Jumapili kuna mechi Showground ya Ukunda. Yule kijana wa boda ameniambia atacheza, akipata mtu wa kumshikia pikipiki. Nimeshachaji simu.