Kabla ya Kulikagua Prado Langu, Ikagueni Barabara

Wiki iliyopita shemeji yangu alinipigia simu kutoka Eastleigh. Baada ya salamu hakuzunguka: "Shemeji, liuze hilo Prado mapema. Serikali inataka kuyakagua magari ya zamani, na lako likikamatwa hutapata hata mnunuzi wa vyuma." Nilimwambia nitafikiria. Nimefikiria, na jibu langu ni hili hapa, kwa sababu najua si mimi peke yangu niliyepigiwa simu kama hiyo.

Anachokisema si uvumi. Mwaka 2025 Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) ilitoa rasimu ya kanuni zinazotaka hata gari la binafsi lipelekwe kukaguliwa likishapita miaka minne tangu kuundwa. Mwaka huo Prado langu lilikuwa na miaka 20. Kwa hesabu hiyo lilikuwa limechelewa miaka 16.

Nilisomea diploma ya uwakala wa forodha, na ujana wangu niliumalizia Kilindini nikitoa magari ya watu bandarini. Mwaka 2012 nilitoa langu. Kwa fungu langu la mirathi ya marehemu baba na akiba ya miaka sita niliagiza Prado la dizeli, injini ya lita tatu, lililosajiliwa Japani mwaka 2005. Lilipita kwa tundu la sindano, kwani Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Miaka miwili baadaye nilihamia Garissa, kwao mke wangu, kusimamia ofisi ndogo ya mizigo. Gari tukaja nalo.

Wapo wanaodhani gari la juu huku ni fahari. Waje waone. Kwa mama mkwe wangu ni kilomita 40 kutoka kwenye lami, na kati yake kuna laga tatu ambazo mvua ikinyesha hugeuka mito. Usiku mmoja mwaka 2021 nilitoka huko na mama mjamzito kiti cha nyuma, uchungu umemshika tangu magharibi. Tulifika hospitali ya Garissa saa nane za usiku. Mtoto yule sasa anasoma chuoni, na kila akiliona gari hulipiga makofi ubavuni kama anayemsalimia ngamia wake. Gari dogo lisingevuka laga ya kwanza.

Anayesema "uza, nunua la kisasa" hajapita forodhani karibuni. Mwaka 2025 gari lililosajiliwa kwa mara ya kwanza kabla ya 2018 halikuruhusiwa kuingia nchini, na lililo jipya zaidi lina bei kubwa zaidi. Ushuru wa forodha ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023. Juu yake, gari la dizeli lenye injini inayozidi cc 2,500 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 35. Juu ya hizo mbili inakaa VAT ya asilimia 16, na kila kodi huhesabiwa juu ya iliyotangulia. Piga hesabu mwenyewe: gari ambalo forodha imelithamini shilingi milioni moja linadaiwa zaidi ya milioni moja na laki moja za kodi, kabla ya ada nyingine ndogo ndogo. Yaani unanunua magari mawili, unaendesha moja.

Kisha kumbuka Mswada wa Fedha wa 2024. Ulitaka kila mwenye gari alipe kila mwaka asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake, isipungue shilingi 5,000 wala isizidi laki moja, pale anapokata bima. Ndugu zangu Waislamu, hicho ni kiwango cha zaka. Na zaka yenyewe haitolewi kwa gari unalopanda wewe na familia yako. Kodi hiyo iliondolewa kwenye mswada Juni 2024, na siku chache baadaye mswada mzima ukaanguka baada ya vijana kujaa barabarani. Lakini fikra iliyoizaa sidhani kama imekufa: kwamba mwenye gari ni tajiri, na mwenye gari kubwa ni tajiri zaidi.

Sasa tuje kwenye uzee wa gari. Tangu siku ya kwanza nimeandika kwenye daftari kila shilingi niliyolitumia. Liko mbele yangu ninapoandika. Gari lilikuja likisoma kilomita 84,000. Leo linasoma zaidi ya 340,000. Taa ya mkanda wa taimingi iliwaka lilipofika 100,000, nikaubadilisha, nami nimeubadilisha kila ulipofika wakati wake. Mwaka 2018 nozeli zote nne ziliharibika, na bili yake ilininyima usingizi. Hilo lilikuwa kosa langu: nilijaza dizeli ya mitungi njiani kuokoa mia chache. Injini yenyewe haijawahi kufunguliwa.

Pesa zilikwenda wapi basi? Nimejumlisha. Katika kila shilingi kumi nilizolipa gereji, sita zilikwenda chini ya gari: shoki, bushi, boljoint, bearing za magurudumu na tairi. Ninaye rafiki Mombasa aliyeagiza gari kama langu mwaka ule ule, tukalitoa bandarini wiki moja. Yeye hubadilisha shoki kila baada ya miaka minne. Mimi sijawahi kufikisha miwili. Magari ni yale yale, umri ni ule ule. Kilichotofautiana ni barabara.

Na barabara yetu haili spea tu. Novemba 2023 Mto Tana ulipofurika, nilipita kwenye maji kati ya Madogo na Garissa nikijiona hodari. Kesho yake fundi alifungua difu, oili ikatoka rangi ya chai ya maziwa. Akanitazama akaniambia, "Adeer, gari lako halijazeeka. Barabara ndiyo imezeeka." Aprili 2024 maji yalirudi, barabara ikakatika tena, safari hii nikiwa upande wa Madogo na mke na watoto ndani ya gari. Vijana wakanihimiza nipite, eti Prado linapita. Sikupita. Tarehe 28 mwezi huo boti iliyokuwa ikivusha watu pale Kona Punda ilizama, na watu wakafa. Wale walikuwa abiria waliokosa barabara. Hawakufa kwa sababu ya gari la nani kuzeeka.

Lakini barabara tunailipia. Julai 2024 Tozo ya Matengenezo ya Barabara ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya mafuta. Nikijaza lita 80, nimechangia shilingi 2,000 kabla sijatoka kituoni. Na mwaka 2025 serikali iliziweka rehani shilingi saba kati ya hizo 25 ili kulipa madeni ya wanakandarasi yanayofika bilioni 175. Sisemi wanakandarasi wasilipwe, kazi walifanya. Nasema tozo ya kesho inalipa deni la jana, na mashimo ya leo yananisubiri mimi na shoki zangu. Mkazi wa Garissa hulipia barabara mara mbili: kwenye pampu na kwenye gereji.

Je, nakataa ukaguzi? Hapana. Nimeona magari huku yanayosimamishwa kwa jiwe badala ya breki. Nimeona tairi zinazoonyesha nyuzi zikibeba watoto wanane. Uhai ni amana, na mwenye gari bovu hana haki ya kuuhatarisha wa wengine. Ila ukaguzi uwe wa haki. Uangalie breki, usukani, taa na tairi, usimhukumu mtu kwa mwaka wa gari lake. Kituo kiwe karibu. Mtu wa Mandera au Wajir asilazimike kukodi safari ya siku mbili kwenda kuonyesha breki. Ada iwe ya kumudu, na anayeshindwa apewe muda wa kutengeneza badala ya kumwachia askari njia mpya ya kujipatia chai.

Na wabunge wetu wa kaskazini mashariki na wa Tana River, rasimu hii ikifika kwenu, simameni muulize swali moja: barabara ya Garissa hadi Garsen na ile ya Madogo zinakaguliwa na nani, kila baada ya muda gani, na zikifeli nani hulipa faini?

Kwako unayefikiria kununua gari la familia lililotumika, nakupa niliyojifunza kwa gharama. Usimalize pesa zote kwenye kununua. Bakisha angalau robo, mwaka wa kwanza utaidai. Usiiamini namba ya kilomita mpaka uone karatasi ya ukaguzi wa Japani. Filta ya hewa ipulizwe kila ukirudi kwenye vumbi. Na weka daftari, maana bila hilo hata mimi ningeamini kwamba umri ndio ulionitia hasara.

Shemeji, siliuzi. Kanuni zikipita nitalipeleka likakaguliwe, inshallah. Shoki za mbele nilizibadilisha Machi, tayari ya kulia imeanza kuvuja.