Taka zinazofukiwa Bujumbura zinawahusu pia wafanyabiashara wa Kigoma na Mpulungu

Saruji ya Mpulungu na shehena za Kigoma hushushwa Bandari ya Bujumbura, kando ya ziwa ambalo Regideso huvuta maji ya mabomba ya jiji. Kwa hiyo taka za jiji hilo si suala la wakazi wake peke yao.

Taka zinazokusanywa hupelekwa Buterere, kaskazini mwa jiji. Nyingine hufukiwa kwenye mashimo ya majumbani. Mvua ikipenya humo, hutoka chini maji meusi yenye amonia na chumvi. Kukiwa na betri na makopo ya rangi, huongezeka risasi na kadmiamu.

Kuyapima si jambo gumu. Njia ya kwanza ni pipa: hujazwa taka za nyumbani, humwagiwa maji kwa kiwango cha mvua ya eneo hilo, na yanayodondoka chini hupelekwa maabara. Ya pili ni visima: kimoja juu ya dampo, vingine chini yake kuelekea ziwani. Kloridi ikiongezeka katika visima vya chini, ni dalili kwamba maji ya taka yamefika, kwa sababu udongo hauizuii.

Kupima mara moja hupotosha. Taka changa hutoa maji yenye asidi yanayoyeyusha metali. Zikizeeka, asidi hupungua lakini amonia huendelea kutoka kwa miaka mingi. Lazima kupima msimu wa mvua na wa kiangazi, mwaka hadi mwaka.

Ziwa lenye kina cha mita 1,470 halichafuki kwa siku moja. Hatari huanzia visimani na ufukweni. Lakini maji yake hukaa mamia ya miaka kabla ya kubadilika, hivyo kinachoingia hakiondoki upesi. Nairobi ilionywa mwaka 2007, pale Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipotangaza kuwa nusu ya watoto 328 waliopimwa karibu na dampo la Dandora walikuwa na risasi nyingi kwenye damu.

Nani apime Bujumbura? Burundi, Tanzania na Kongo zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Zambia haimo. Viwango vya Jumuiya pekee havitoshi. Nchi zote nne zilisaini Mkataba wa Ziwa Tanganyika mwaka 2003, na Mamlaka ya ziwa hilo ina makao yake Bujumbura. Hapo ndipo pa kukubaliana njia moja ya kupima.

Vyama vya wafanyabiashara vidai matokeo hayo yabandikwe bandarini. Mnunuzi akisikia fununu kuhusu ndagala au mukeke, muuzaji asiye na karatasi ya maabara hana cha kumjibu isipokuwa kushusha bei.